Mpishi wa Darasa la Jumatano

Koti lilionekana saa moja asubuhi, limenaswa kwenye mizizi kando ya mto, chini ya kituo cha kuuzia majani chai cha Boito. Kifua na mkono wake wa kulia vilikuwa na madoa ya damu. Wachumaji wawili walilitambua mara moja. Lilikuwa koti la Nicholas Kipkurui, ambaye hakuwa amelala nyumbani kwake usiku huo.

Inspekta Kipkorir wa upelelezi alivaa glavu, akalitia koti katika mfuko wa ushahidi, akaamuru mto upekuliwe. Polisi walitafuta kwa siku nne. Maiti haikupatikana.

Siku ya pili, shahidi mmoja alieleza kwamba alimwona Mwalimu Kebaso Nyamweya akifua shati lenye damu kijitoni. Nyamweya alikuwa ametoka Kisii miaka ishirini iliyopita, na ndiye aliyefundisha gumbaru, darasa la watu wazima lililokutana kanisani kila Jumatano.

"Damu ni ya nani, Mwalimu?"

"Yangu." Akainamisha kichwa na kuonyesha kidonda kibichi juu ya sikio. "Kipkurui alinipiga rungu nikifunga mlango wa kanisa. Nilipozinduka, hakuwepo."

"Alikupiga kwa sababu gani?"

"Muulize yeye."

"Yeye hayupo wa kuulizwa. Mligombana?"

"Hata salamu hatujawahi kunyimana."

"Basi ulipigwa bure, ukaamka, ukaenda kufua?"

"Afande, mtu akipigwa rungu la kichwa haamki na majibu."

Inspekta alimhoji pia mke wa Kipkurui, Elmina Chemutai, mwanafunzi wa gumbaru. Alimuuliza kama kuna kitu kilichopotea nyumbani.

"Ukurasa mmoja wa daftari langu," alisema Elmina. "Umechanwa."

Inspekta aliandika maneno hayo, akafunua ukurasa mwingine wa kijitabu chake.

Ripoti ya Mkemia wa Serikali ilisema kwamba damu kwenye koti ni ya binadamu, kundi la O. Nyamweya alikuwa wa kundi hilo, lakini kundi la Kipkurui halikujulikana na mtu yeyote. Mwalimu alishtakiwa kwa mauaji, akapelekwa rumande Kericho. Kama angepatikana na hatia, alikuwa akingojewa na kitanzi.

Miezi kumi ikapita. Mwezi wa Februari 1996, wiki tatu kabla ya kesi kusikizwa, Elmina aliingia kituoni pamoja na Phelis, mwenzake wa darasani. Viatu vyao vilikuwa vimejaa tope jekundu.

"Afande, mume wangu yu hai."

"Umemwona?"

"Nimemsoma."

Inspekta aliweka kalamu chini. "Kaa, mama. Nieleze polepole."

Elmina alieleza. Jumamosi adhuhuri, gari lilileta filamu kuhusu upandaji wa miti. Madirisha ya kanisa yalizibwa kwa magunia, watu wakatazama. Picha zilipokwisha, kila mtu aliinuka na kutafuta mlango, nayo majina ya waliotengeneza filamu yakaanza kupanda ukutani. Akina mama wa gumbaru peke yao walibaki vitini. Mwalimu Nyamweya alikuwa amewafundisha kwamba msomaji hufika mstari wa mwisho, awe anasoma gunia la mbolea au karatasi ya sabuni. Tangu akamatwe, walikuwa wameishika amri hiyo kana kwamba angerudi kesho kuwasahihisha.

"Tulisoma kwa sauti," alisema Phelis. "Mpiga picha, fulani. Dereva, fulani. Tulipofika kwa mpishi, nikamwambia huyu: Elmina, umeenda kupikia watu wa sinema bila hata kutuaga?"

Elmina alifungua daftari lake. Alikuwa amenakili mstari ule kwa herufi kubwa: *Mpishi: Elmina Chemutai, Darasa la Jumatano.*

"Huenda ni Elmina mwingine."

"Wa Darasa la Jumatano, afande?" Akaweka kidole chini ya jina. "Mstari huu, jina langu na la darasa, Mwalimu aliuandika juu ya ukurasa wangu wa kwanza. Mimi nikaunakili mara kumi. Ndio ukurasa uliochanwa."

Inspekta alitoa faili la kesi. Maneno ya Elmina yalikuwemo, kwa mwandiko wa Inspekta mwenyewe. Hakuwa ameyasoma tena. Alivuta simu akawapigia waliotengeneza filamu.

"Mpishi wetu alikuwa mwanamume," karani alijibu. "Sisi tulimwita Mpishi tu. Fomu alijaza mwenyewe, nasi tukaandika kama alivyoandika."

"Yuko wapi sasa?"

"Bado yuko kambini, Kinangop."

Kesho yake Inspekta alisimama nyuma ya jiko la kambi. Mwanamume mrefu alikuwa akikoroga maharagwe, mgongo wake ukiwa mlangoni.

"Elmina Chemutai!"

Mwiko ulianguka. Yule mwanamume aligeuka taratibu, akanyoosha mikono yote miwili ili afungwe pingu.

"Nilijua mtakuja," alisema Kipkurui. "Nilimuua Mwalimu Nyamweya."

Inspekta hakugusa pingu. "Mwalimu Nyamweya yuko rumande Kericho. Ameshtakiwa kwa kukuua wewe."

Kipkurui alikaa juu ya gunia la viazi. "Anapumua?"

"Anapumua, na anaulalamikia uji wa jela."

Kipkurui alijifunika uso kwa aproni. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya plastiki.

"Niliikuta nyumbani. Juu kulikuwa na mwandiko wa Mwalimu, chini mwandiko wa mke wangu, mstari baada ya mstari. Nilidhani anamwandikia, naye anamjibu. Mimi sisomi, afande. Niliona aibu kumwomba mtu anisomee."

"Ukachukua rungu."

"Nikachukua rungu. Alipoanguka nikamwinua, akanilegea mikononi kama maiti. Nikalitupa koti lenye damu yake mtoni, nikakimbia."

"Ukweli uliujua lini?"

"Hapa kambini. Dereva alinisomea, akacheka. Akasema ni jina moja tu, mara kumi." Aliinua karatasi ile. "Nilikuwa nimempiga mtu kwa sababu ya jina la mke wangu. Tangu hapo nikawa naliandika kila siku, nikiiga mstari huu wote. Waliponiletea fomu, mkono wangu haukujua kitu kingine."

Wiki hiyo mahakama ilimwachilia huru Mwalimu Nyamweya. Alikuja kituoni akiwa amekonda, kovu likionekana juu ya sikio. Inspekta alisimama kumpokea.

"Mwalimu, habari za ule ukurasa niliziandika siku ya pili. Sikuzisoma tena. Nisamehe."

"Kusoma mpaka mwisho si kazi ya gumbaru peke yao, Inspekta."

Mezani palikuwa na maelezo ya Kipkurui, ambaye sasa angejibu shtaka la kujeruhi. Elmina aliketi karibu naye, mkono wake ukiwa juu ya goti la mumewe. Konstebo alisogeza kibweta cha wino. "Weka kidole gumba."

"Niacheni niandike," alisema Kipkurui. Akashika kalamu, akaanza: *Elmina Che...*

"Hilo si jina lako," Inspekta alimkatiza.

"Ndilo ninalolijua, afande."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Nyamweya alivuta kiti, akaomba karatasi safi. Juu yake aliandika, kwa herufi za mviringo zilizokaa sawa, *Nicholas Kipkurui*. Akaisukuma karatasi mbele ya mtu aliyempiga rungu.

"Mara kumi," alisema. "Na usiruke mstari."