Jemadari wa Udongo

Mudathir wa Temeke, tuliyekuwa tukisali naye msikiti mmoja, alijaaliwa kila kitu isipokuwa haya. Miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa mlango, rafiki yake Abuzar, mwenye stoo Kurasini, aliletewa na mjomba wake wa Uingereza askari wadogo wa plastiki, mazimwi na mifupa mitupu, wa kupiganishwa mezani kwa dadu. Wakaapa kuwashinda wenzao wa Kimara waliocheza mchezo huohuo. Mudathir akafinyanga jeshi lake la kuungana na mazimwi, kwa udongo wa kaburi alioubeba siku walipomzika jirani.

"Ule wote hurudishwa kaburini, Mudathir," Abuzar alimwonya.

"Acha ushamba, braza. Udongo ni udongo! Mie nimeumba jemadari, wewe umeletewa midoli."

Jemadari huyo alimpa jina lake mwenyewe, Mudathir, na bendera ya kitambaa cheupe. Wakayapanga majeshi yote mawili mezani, stooni kwa Abuzar, yakitazama mlango.

Baada ya alasiri umeme ukakatika. Stoo haikuwa na dirisha, giza likawa totoro. Juu ya meza ukasikika mkwaruzo mwepesi, kama watu wengi wanaosogeleana bila viatu. Kisha kimya.

"Panya hao," Mudathir alicheka.

Abuzar akawasha kiberiti.

Mazimwi na watu wa udongo walikuwa wameupa mlango kisogo. Walisimama safu tatu, bega kwa bega, wameelekea kibla. Mbele yao jemadari alikuwa amelazwa, kafunikwa bendera yake gubigubi.