Mbeleko ya Kitambaa cha Shabaha

Haya yalimpata dada yangu Kadzo, huko Changamwe, wakati wa vita, mwaka wa 1943. Nilikuwa nakaa kwake baada ya kujifungua mwanangu wa kwanza, kwa hiyo mengi niliyaona kwa macho yangu.

Mumewe, Ngumbao, alikuwa kibarua katika uwanja wa ndege wa wanamaji. Vijana wa Kizungu walifundishwa pale kupiga rashasha wakiwa angani. Ndege moja ilivuta mfuko mrefu wa kitambaa cheupe juu ya bahari, na ndege nyingine zikaupiga risasi. Risasi za kila mwanafunzi zilichovywa rangi yake: nyekundu, buluu, kijani. Mfuko ukishaangushwa uwanjani, Ngumbao aliukimbilia, na Wazungu wakainama kutazama ni rangi ya nani iliyozunguka kila tundu.

Mfuko ukichakaa, vibarua waligawiwa vipande. Nguo zilikuwa adimu siku zile. Kadzo alipewa kipande kizuri, akaziba matundu yote kwa viraka vidogo, akamtengenezea binti yake Jael mbeleko.

Jirani yetu Rosalia, ambaye hakujaliwa mtoto, alikitamani kitambaa kile.

"Mama Jael, nikatie hata cha kufunga kichwa."

"Kwani Ngumbao ni mumeo?"

Walicheka wote wawili. Lakini nilimwona Rosalia akiikodolea macho ile mbeleko mpaka tulipoingia ndani.

Siku moja Kadzo aliifua, akaianika uani. Adhuhuri ndege zilipita kuelekea baharini. Alipokwenda kuianua, alikuta tundu jipya kwenye pindo. Lilikuwa limezungukwa na rangi nyeusi. Mbichi.

"Ni Rosalia," alininong'oneza. "Anamloga mwanangu."

Ngumbao aliporudi kutoka kazini akaliona, alisogeza sahani yake kando.

"Nyeusi ilikuwa ya kijana mmoja," alisema. "Ndege yake ilizama. Hakuopolewa. Rangi yake waliimwaga."

Kadzo hakuridhika, nami sikuridhika. Rosalia alikuwa akiwafulia Wazungu wa pale uwanjani. Rangi iliyomwagwa, mtu huweza kuichota.

Ndege zikapita tena. Tundu la pili likatokea, mbali na pindo. Kisha la tatu. Hilo lilikuwa karibu na katikati, pale mgongo wa mtoto unapolala.

Kadzo aliichukua mbeleko, akamfuata Rosalia mpaka mlangoni kwake.

"Umekosa wako, sasa unamtaka wangu?"

 Rosalia akampokonya kitambaa.

"Lete! Nitajifunga mimi. Kama kuna mchawi, na anipige mimi."

Akaja kuketi uani kwetu, mchana kweupe, mbeleko imemkaza mgongoni, mikono ameinyoosha mbele.

"Nitazameni vizuri. Msije mkasema nilijificha."

Tulimlaza Jael ndani, kifudifudi kwenye mkeka. Chumba kile hakikuwa na dirisha. Tukafunga mlango, tukaketi kizingitini kumchunga Rosalia. Mwanangu nilimpakata.

Ndege zikaja. Zikapita. Zikawa ndogo.

Rashasha zikasikika huko baharini. Rosalia alifumba macho. 

Kisha kimya.

Kadzo alimfungua mbeleko, akaikagua kiraka kwa kiraka. Akaigeuza. Akaikagua upande wa pili. Hapakuwa na tundu jipya.

"Umeona?" Rosalia alinong'ona, machozi yakimtoka.

"Nisamehe, dada. Nimekukosea."

Walikuwa bado wameshikana mikono nilipofungua mlango.

Jael alikuwa macho. Hakulia. Katikati ya mgongo wake palikuwa na duara la rangi nyeusi, limekamilika kama lililochorwa kwa kikombe. Ndani ya duara ngozi ilikuwa nzima. Niligusa. Kidole changu kikatoka cheusi.

Nyuma yangu Kadzo na Rosalia walikuwa wamesimama. Nadhani sote tulielewa kwa pamoja. Yule kijana aliyezama hakuwa akilenga nguo.

Kadzo alihama juma lile lile, akaenda kuishi bara, mbali na bahari. Jael sasa ni msichana mkubwa, na hana ugonjwa wowote. Alama tumeisugua kwa majivu, kwa mafuta ya taa, kwa mchanga. Haitoki.

Wala haijakauka.