Kanga Iliyorudi na Garimoshi

Kila alasiri, akimaliza kuosha vyombo, Praxeda alikwenda kucheza rede na rafiki yake Mastura, jirani yao hapo Chumbageni, mjini Tanga. Mchezo ukikolea, hata jina lake alilisahau.

Siku moja Noa, mtu wa kwao Same, alishuka kwenye garimoshi na habari nzito. Bibi alikuwa mahututi, na kila akifumbua macho alimwulizia mwanawe Ernesti, babake Praxeda.

Ernesti alikuwa mpagazi bandarini. "Mwanangu," alisema, "mimi naingia zamu sasa hivi. Nenda stesheni umwulize karani garimoshi la kesho litaondoka saa ngapi. Mvua zimeharibu njia, huenda saa zimebadilishwa."

"Ndiyo, baba."

Alitoka mbio. Penye kona akamkuta Mastura na mpira wa matambara. "Praxeda! Tumepungukiwa mmoja!" Duru moja tu, alijiambia. Ya kwanza ikazaa ya pili, na ya pili ikazaa magharibi.

"Umeuliza?" baba alisema aliporudi kutoka zamu.

"Nimeuliza, baba. Jioni, kama siku zote."

Kesho yake jioni Ernesti alifika stesheni na kanga mpya aliyomnunulia mamaye. Hapakuwa na abiria hata mmoja.

"Limeondoka asubuhi, ndugu yangu," karani alimwambia kwa huruma. "Lingine ni keshokutwa."

Alipofika Same alikuta udongo wa kaburi ungali mbichi. Mama alikuwa amemwita mpaka mwisho. Kanga akarudi nayo Tanga.

Praxeda alipoiona hakungoja kuulizwa. Alipiga magoti. "Baba, nilikudanganya. Sikufika stesheni. Nilikuwa nikicheza rede."

Baba hakumpiga. Laiti angempiga! Aliketi kizingitini akalia, mtu mzima, mbele ya mwanawe. Praxeda naye akalia mpaka sauti ikamkauka.

Ilipowadia safari ya kwenda kulijengea kaburi, baba alimtuma tena stesheni. Mara hii alikwenda moja kwa moja, akarudi akihema. "Karani amesema asubuhi, baba."

Ernesti alimtazama, akavaa kofia, akaenda kuuliza mwenyewe. Praxeda alibaki mlangoni akibubujikwa na machozi. Uchungu huo ulipita fimbo.

Baba aliporudi alimketisha karibu naye. "Umesema kweli," alimwambia. "Lakini siku ile maji yalimwagika, na hayazoleki. Ungeniambia 'sikwenda', ningekukaripia, kisha ningekwenda stesheni mwenyewe jioni ile ile, nikapanda la asubuhi, nikamwahi mama. Kucheza kulikuwa kosa dogo. Uongo ndio ulioninyima mama yangu. Ukikosea, mwanangu, sema upesi, wakati kungali na nafasi ya kurekebisha."

Akamwekea kanga mapajani.

"Kesho tunakwenda sote. Utaibeba wewe. Utampa shangazi yako aliyemuuguza bibi, na utamweleza kwa kinywa chako kwa nini bibi hakuivaa."