Maporomoko Yaliyoibwa Nyuma ya Nyumba ya Mwalimu

Kesi hii hakuna anayeijua kuliko mimi, kwa sababu niliiona yote kwa macho yangu mawili. Haya, si yote. Niliona shimo. Mengine nilisimuliwa na Sajenti alipokuja kwenye cherehani yangu kupunguziwa sketi, na mwanamke akishawekewa pini kiunoni hasogei wala hafichi kitu.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Inspekta alisimama kando ya shimo hilo, mikono kiunoni. Mezani kwake alikuwa ameacha majalada mawili ya unyang'anyi wa kutumia silaha. Mkuu wa kituo alimwambia hayo yasubiri.

"Rudia, Mwalimu. Kimeibwa nini?"

"Maporomoko ya maji. Husikii, au bado unakaa nyuma ya darasa?"

Inspekta alifungua daftari. Mwalimu alistaafu baada ya kufundisha hesabu miaka thelathini na minane. Alimfundisha Inspekta. Alimfundisha mkuu wa kituo. Karibu mji mzima ulipita mikononi mwake, na mikono ile haikuwa mitupu.

"Vitu gani hasa?"

"Andika. Pampu moja. Mpira wa maji, mita sita. Nailoni nzito ya kutandika bwawa. Samaki wanane. Mawe arobaini na mawili."

"Mawe?"

"Niliyahesabu."

"Mwizi gani anaiba mawe, Mwalimu?"

"Ningejua hilo ningekuita wewe?" Mwalimu aliinama akachungulia daftari la Inspekta. "Na herufi zako bado zimelala chali."

Sajenti, mama mnene mwenye cheko la karibu, akageuka ghafla kukagua ukuta wa jirani.

"Bwawa lilikuwa limekamilika?" Inspekta aliuliza.

"Jumatatu jioni. Lilijaa pomoni. Siku mbili nzima maji yaliporomoka hapa, samaki wakicheza. Leo naamka, hakuna kitu. Na anayejua thamani ya vitu hivyo ni mmoja tu, yule fundi aliyechimba. Jumapili wanafunzi wangu wa zamani wanakuja kuona. Nitawaonyesha nini? Udongo?"

"Maji yalikwenda wapi?"

"Wameyamwaga."

Inspekta alitazama majani. Yalikuwa makavu, ya njano, yanavunjika chini ya kiatu. Tope lilikuwa chini ya shimo tu. Akafungua mdomo aulize. Mwalimu akamtazama juu ya miwani. Mdomo ukajifunga wenyewe, kama ulivyozoea.

Mke wa Mwalimu alikuja na chai, akamimina, akangoja kidogo amesimama na birika. Hakuna aliyemwambia kitu zaidi ya asante. Akarudi ndani.

* * *

Fundi alikuwa mahabusu tangu asubuhi kwa amri ya mkuu. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, kucha zimejaa udongo, shati limechanika begani.

"Vitu viko wapi?"

"Sijui, afande."

"Mara ya mwisho kufika pale ni lini?"

"Jumatatu mchana."

"Bwawa likiwa limejaa?"

"Halijajaa."

"Mwalimu anasema lilijaa pomoni."

Fundi alitazama sakafu. "Mwalimu akisema limejaa, mimi nani niseme halijajaa?"

"Wewe ni mtuhumiwa. Sema!"

"Nilichimba shimo, afande. Vipimo alipiga mwenyewe. Nailoni alinunua mwenyewe. Alipoileta nikamwambia haitoshi. Akaniuliza nimeishia darasa la ngapi. Nikamwambia la saba. Akasema, basi chukua koleo lako uondoke. Nikaondoka."

Inspekta aligonga meza. "Unataka niandike kwenye jalada la polisi kwamba Mwalimu hajui hesabu?"

"Sitaki uandike, afande. Ndiyo maana nilikuwa nimenyamaza."

Inspekta alitoka nje, akasimama ukumbini, akahema. Huko nyuma Sajenti alisikia fundi akiuliza taratibu, "Mama, leo ni Alhamisi?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Jumatatu naanza kazi kwenye ile hoteli mpya. Bwawa kubwa, maporomoko ya ngazi tatu. Miaka sita nachimbia watu vyoo, mama, hii ndiyo kazi yangu ya kwanza ya maana. Meneja akisikia niko humu..."

Meneja alikuwa ameshasikia. Alikuwa amepiga simu kituoni mara mbili akiuliza kama ni kweli fundi wake ni mwizi. Fundi akiitwa mwizi kwenye nyumba moja, mageti ya mji mzima humfungia.

* * *

Ijumaa ilikuwa siku ya kupoteza. Wataalamu wa alama za vidole walikuja na mkoba wao, wakalitazama shimo, wakauliza wanyunyize unga wao wapi. Nyumbani kwa fundi Inspekta na Sajenti walipekua vyumba viwili wakapata toroli bovu na paka aliyemparura Sajenti. Jirani wa Mwalimu wa kulia hakusikia kitu. Jirani wa kushoto alisikia kila kitu, lakini cha mwaka juzi.

Saa tisa mkuu wa kituo akapiga simu.

"Umemaliza?"

"Afande, sina kielelezo hata kimoja."

"Mwalimu amekwambia nani kaiba. Unataka kielelezo gani tena?"

"Afande, mawe arobaini na mawili. Fundi hana hata gari. Ameyabeba mfukoni?"

"Jumamosi jioni jalada liwe mezani kwangu. La sivyo utakwenda kumweleza Mwalimu wewe mwenyewe."

Inspekta alirudisha simu mahali pake, polepole, kwa sababu angeirudisha kwa haraka ingepasuka.

"Sajenti, nimekwama. Nina mtu ndani, nina shimo nje, na katikati sina chochote."

"Kuna nailoni," Sajenti alisema, akijipaka dawa mkononi.

"Imeibwa!"

"Ilipoibwa iliibwa. Lakini kabla ya kuibwa ilinunuliwa, afande."

* * *

Jumamosi asubuhi walimkuta Mama Turubai dukani kwake, amekaa juu ya robota la nailoni kama malkia. Anauza nailoni za kila unene, anakata kwa kisu cha ndoana, na watu wa mabwawa, wa majukwaa na wa paa zinazovuja wote ni wateja wake.

"Unamkumbuka Mwalimu aliyenunua ya bwawa?"

"Mwalimu? Nitamsahau vipi, mwanangu, na masikio bado yananiuma!"

"Alifanya nini?"

"Nilimuuliza kina. Akasema, wewe kata, usiulize. Nikamwambia, baba, nailoni ya bwawa haikatwi kwa urefu na upana tu. Inashuka ukuta huu, inatambaa chini, inapanda ukuta ule. Kwa hiyo unachukua urefu, unaongeza kina mara mbili. Halafu unaweka na futi moja kila upande ya kukandamizia mawe. Upana hivyo hivyo. Akaniuliza nani kanifundisha hesabu."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, wewe, darasa la nne. Akakasirika, akaniachia mchoro wake juu ya meza, akasema kata kama ilivyoandikwa. Nikakata. Mteja mfalme."

"Huo mchoro uko wapi?"

Mama Turubai alinyoosha kidole. Karatasi ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, karibu na kalenda. "Nimeuweka nicheke nikiwa na huzuni."

Inspekta aliuchomoa. Mwandiko aliujua tangu ana meno ya utotoni. Urefu mita tatu, upana mita mbili, kina sentimita sitini. Chini yake, kwa wino mwekundu uliopigiwa mistari miwili: mita tatu nukta sita, kwa mbili nukta sita.

Inspekta alihesabu kwa vidole. Akahesabu tena. Akampa Sajenti ahesabu.

"Ameongeza kina mara moja tu," Sajenti alinong'ona.

"Mama," Inspekta alisema, "nikatie nyingine. Kipimo hiki hiki."

"Na wewe? Haitatosha!"

"Najua. Ndiyo ninayoitaka."

* * *

Mwalimu aliwakuta wako ndani ya shimo, suruali zimekunjwa, wakitandika nailoni.

"Mmempata mwizi?"

"Bado kidogo, Mwalimu. Tunapima tu. Tafadhali simama hapo uone."

Waliitandika vizuri, katikati kabisa, kila pembe imevutwa. Chini ilienea. Ukutani ilipanda, ikapanda, ikaishia nusu. Juu yake udongo mtupu, pande zote nne, kama mtu mzima aliyejifunika blanketi la mtoto.

"Hii ndiyo saizi uliyonunua?" Inspekta aliuliza.

"Sikumbuki."

"Nina mchoro wako."

Jasho lilianza kwenye kipara cha Mwalimu.

"Maji yakifika hapa ilipoishia nailoni, yanapita nyuma yake, yanaingia ardhini. Bwawa hili lisingejaa hata kwa mvua ya wiki nzima. Ulisema lilijaa pomoni."

"Lilijaa... kiasi."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kuridhisha."

"Mwalimu, ningekujibu hivyo darasani ungenifanya nini?"

Sajenti alikuwa anatazama mawingu kwa bidii.

"Na samaki wanane? Waliogelea wapi, kwenye tope?"

"Walikuwepo!"

"Samaki wa nani?" Sauti ilitoka mlangoni. Mke wa Mwalimu alikuwa amesimama na birika lake. "Humu ndani samaki waliingia mara ya mwisho wakiwa wamekaangwa."

Inspekta aligeuka polepole. Siku tatu. Chai siku tatu.

"Mama, unajua vitu viko wapi?"

"Najua."

"Kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza, mwanangu? Ulisema asante. Nikasema karibu." Aliweka birika chini. "Pampu iko stoo nyuma ya madaftari ya zamani, pamoja na mpira na nailoni. Mawe yako uvunguni mwa kitanda. Ameyabeba moja moja kwenye beseni Jumatano mchana kutwa, kiuno kikimlia, nikadhani ni mambo yao ya hesabu. Nililala juu ya mlima. Nilipomuuliza akasema ni mazoezi. Kwamba kuna mtu ndani sikujua, nimesikia leo asubuhi kwa jirani, ndiyo maana nimekuja na birika tupu."

Mwalimu alikaa kwenye ukingo wa shimo. Miguu ikaning'inia ndani. Kwa mara ya kwanza Inspekta aliona kwamba ni mzee.

"Ilikuwa Jumanne," alisema. "Nikafungulia maji. Yakafika nusu, yakagoma. Nikaongeza. Yakagoma. Pampu ikavuta matope, ikakohoa, ikazima. Nikachukua karatasi nikahesabu upya. Mara mbili! Kitu cha darasa la nne! Niliwachapa watoto wa watu kwa makosa madogo kuliko hayo."

"Ungenunua nailoni nyingine."

"Kwa yule mama? Nirudi pale nimwambie ulisema kweli? Na wageni nimeshawaalika, sitini, nimewaambia nimepiga vipimo mwenyewe, hata fundi sikumtegemea."

"Haya, ukaficha vitu. Fundi alikukosea nini?"

Mwalimu alifuta miwani ambayo haikuwa chafu.

"Alijua. Aliniangalia na koleo lake akasema, Mwalimu, shimo lina ukuta huku na huku. Taratibu tu, bila hata kucheka. Angesema kwa mtu, mtu angesema kwa mwingine. Lakini mwizi akisema Mwalimu hajui hesabu, nani atamsikiliza?"

"Mimi," Inspekta alisema, kwa uchungu, "nilimsikia Alhamisi. Sikumsikiliza." Akatoka shimoni, akajipangusa magoti. "Kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa la jinai, Mwalimu. Jalada nalipeleka kwa mkuu, kila mtu atasaini maelezo yake kwa jina lake. Lakini kwanza unakuja kituoni. Fundi anatoka leo, na meneja wa hoteli ananisubiri pale. Utawaambia wote wawili kwa mdomo wako nani aliiba nini."

* * *

Kaunta ya kituo ilijaa. Mkuu alikuwepo, amekosa pa kuweka mikono. Meneja alikuwepo, mtu mrefu mwenye funguo nyingi. Fundi aliletwa bila mkanda wala viatu, akasimama anapepesa macho kwenye mwanga. Mke wa Mwalimu alikaa kwenye benchi, mkoba magotini.

"Mwalimu," Inspekta alisema, "karibu."

Mwalimu alisimama wima. Alikohoa. Alitazama nyuso zile: wawili kati yao aliwahi kuwafundisha kugawanya. Sauti yake ikarudi, ile nzito ya asubuhi, ya mbele ya darasa.

"Ndugu zangu, nimekuja kutoa taarifa njema. Kijana huyu hana hatia. Uchunguzi umekamilika na vitu vyote vimepatikana salama. Kumbe vilikuwa vimehifadhiwa kwa jirani, aliyeviona vimeachwa nje, akavichukua kwa nia njema kabisa, akasahau kutuambia. Ni hitilafu ndogo ya mawasiliano. Bwawa lenyewe, kama nilivyosema, lilikuwa limejaa vizuri—"

"Baba watoto," mkewe aliita kutoka kwenye benchi.

Mwalimu akageuka.

"Jirani yupi?"