Nilimkana Pasi Mbele ya Mgeni Mwenye Faili

"Jina langu halipo, Kageha. Nimesoma mara tatu."

Pasi alisimama mlangoni kwangu na karatasi mkononi, hakutaka hata kuketi. Ilikuwa Jumapili saa nane mchana. Mimi nilikuwa nimetoka shifti kiwandani huko Industrial Area, miguu imevimba, usingizi umenikataa.

"Orodha imebandikwa kwa ukumbi wa soshol," akasema. "Laini zote nane. Wewe uko, Waruguru yuko, hata yule fundi wa viatu aliyehamia juzi yuko. Nyumba yangu wameandika haina mtu."

"Labda hukusoma vizuri."

"Nimekwambia mara tatu. Miaka ishirini na mbili nakaa hapo. Jumatatu ijayo wanabomoa, na wenye majina watapewa fleti zikishajengwa. Mimi nitapewa vumbi?"

Nikainama kusugua miguu.

"Ni Mukhwana huyo, mwenyekiti wetu," akasema. "Tangu tugombanie ufunguo wa soshol amekuwa akinitafuta. Leo kwa mkutano nitamwambia mbele ya watu wote, halafu Ijumaa niende zangu kwa ndugu yangu kule Lucky Summer."

"Achana na Mukhwana, Pasi."

"Unamtetea?"

"Nimechoka tu. Nenda ukale kwanza."

Akaniangalia kidogo, akaenda. Nikafunga mlango nikaketi kitandani, maana nilijua aliyemtoa kwenye orodha. Ni mimi.

Wacha nieleze, kwa sababu nyinyi mliokulia kwenye magorofa hamwezi kujua. Hapa mtaani Laini Nane hatukutumia majina ya kitambulisho. Waruguru tulimwita Redio, kwa sababu habari ikimfikia asubuhi, mchana iko Kariobangi. Kulikuwa na Jaji, aliyeamua ugomvi wa drafti kwenye benchi la soshol akiwa amevaa joho la kwaya. Mimi ni Matroni, ati napenda kuamrisha watu. Na Pasi, huyo alikuwa akinyoosha suruali kwa pasi ya makaa hata kama anaenda tu kununua makaa. Kila Jumamosi jioni alifungua soshol, akaweka santuri za rumba na kutufundisha kucheza bila kukanyagana. Siku hizi tulikuwa tukifika watu sita. Jaji tulimzika mwaka juzi, na watoto wetu wako kwa simu.

Na tulikuwa na sheria moja. Mama zetu walitupa tangu enzi za msako wa polisi: mgeni akija na faili, akitaja jina kamili la mtu, humjui. Huulizi anatakiwa kwa nini. Unasema humjui, unaendelea na kazi yako. Watu waliokolewa hivyo.

Basi mwezi wa tatu niko kwa kamba naanika nguo, akaja msichana mwenye beji, faili kwapani na tableti mkononi.

"Habari yako, mama. Unamjua Dedan Kimani Ngure?"

Hilo ni jina la Pasi la kitambulisho, nalijua.

"Simjui."

"Hakai nyumba hii? Kadi ya nyumba ni ya marehemu mjomba wake, kwa hivyo nahitaji neno la jirani."

"Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

Akabonyeza tableti yake, akaenda. Nilijisikia nimefanya jambo la maana kabisa. Ni baada ya nusu saa Redio aliponiambia kwamba hao ni watu wa kuhesabu wapangaji, na Pasi alikuwa kazini. Nilikimbia mpaka barabarani, msichana hayuko. Siku ya pili nikaenda ofisini kwao, nikaambiwa sistimu imefungwa. Nikarudi nyumbani, nikaona aibu, nikanyamaza. Aibu hiyo niliilea miezi miwili.

Na huyo niliyemkana ni mpenzi wangu. Miaka kumi na moja sasa. Anapika kwake nakula mimi, nafua kwangu anavaa yeye, na katikati yetu ni ukuta mmoja. Aliwahi kuniomba tuoane. Nilimwambia nimezika mume mmoja na sina nguvu za kuzika wa pili, wacha ukuta ukae hapo ulipo. Hakuniuliza tena.

Simu ikalia. Ujumbe wa Redio:

"Matroni, kuja soshol sasa hivi. Pasi ameshika maiki. Mukhwana amevua koti."

Nikaenda na kandambili. Ukumbi ulikuwa umejaa, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka.

"Huyu mtu ameniuza," Pasi alikuwa akisema. "Amechukua nyumba yangu ampe mtu wake."

"Pasi, mimi sikushika hiyo tableti," Mukhwana akasema. "Kwa jina la mama yangu."

"Usimtaje mama yako. Mwizi hana mama."

Watu wakaguna. Neno hilo lilikuwa baya, na hao wawili wamebeba majeneza pamoja. Mukhwana akapanda jukwaani. Niliona ngumi yake, nikajua nikikaa kimya dakika moja zaidi wazee wawili wataumizana kwa sababu yangu.

"Mukhwana hakufanya kitu," nikasema. "Ni mimi."

Hakuna aliyesikia vizuri. Nikasema tena kwa nguvu.

"Msichana aliniuliza, nikasema simjui. Alikuja na faili, akataja majina yote matatu. Nilisema vile tumefundishwa kusema."

"Uuui, Matroni," Redio akasema polepole.

Pasi akaweka maiki chini.

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Na umekula kwangu siku zote hizo."

"Ndiyo."

Akampa Mukhwana mkono, akamwomba msamaha, akashuka jukwaani, akanipita. Wote wananijua humo ndani, na kila mmoja wao angesema vile vile kwa kamba ile. Lakini hakuna aliyenitetea.

Jioni Mukhwana alinijia na fomu.

"Dada, kuna njia moja. Wewe una nyumba kwenye orodha. Mwandike kama mume wako, mimi nitie sahihi."

Nilipiga simu ya Pasi mara nne. Naisikia ikilia ng'ambo ya ukuta, hapokei. Nikaandika: "Dedan, nakuomba. Tuandike wote wawili. Mukhwana atasaini."

Jibu likaja baada ya saa nzima: "Kumbe jina unalijua."

Halafu lingine: "Nilikuomba uwe mke wangu ukakataa. Sasa unataka niwe mume wa fomu. Hapana, Kageha."

Nililia wiki hiyo. Nililia kiwandani kwenye mashine, nikalia jikoni. Asubuhi nilikuwa nasikia kikohozi chake ukutani, nikawaza kwamba wiki ijayo hata ukuta wenyewe hautakuwepo, na mimi ndiye niliyesema unatutosha.

Ijumaa asubuhi mkokoteni ukasimama mbele ya nyumba yake. Alikuwa akifunga kabati kwa kamba, shati limepigwa pasi. Nilitoka nikasimama karibu.

"Umekunywa chai?" nikauliza.

"Nimekunywa."

"Dedan."

"Usianze na hiyo fomu."

"Fomu nimemrudishia Mukhwana. Fleti ni ya miaka mitatu ijayo, na hapo kati kila mtu anatafuta pa kulala. Sikuja kwa sababu ya fleti."

"Umekujia nini?"

Nilikuwa nimechoka hata kujitetea.

"Nimekuja kukuomba. Ile siku uliniomba wewe nilikuwa mwoga, nikasingizia maiti. Nikuombe mimi sasa. Nioe."

Aliendelea kuvuta kamba. Redio alikuwa amesimama kwa mlango wake akitusikiliza.

"Huko ni chumba kimoja," Dedan akasema. "Choo cha watu wengi. Na mke wa ndugu yangu anaongea sana."

"Nimekaa na Redio miaka ishirini."

"Nimekukasirikia, Kageha. Sijamaliza. Naamka nikiwa nimekasirika."

"Kasirika. Utakasirikia huko huko nikiwepo."

"Ungeniambia siku hiyo hiyo ningecheka."

"Najua."

"Ningecheka sana, kwa sababu hata mimi ningemkana mtu. Ni kunyamaza kwako ndiko kumeniua."

"Najua."

Akasimama akiwa ameshika kamba. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala, na nadhani wangu ulikuwa hivyo hivyo. Mwenye mkokoteni akauliza kama twende au tukae.

"Ngoja," Dedan akamwambia.

Akalegeza fundo, akashusha kitanda chake na kukiegemeza ukutani kwa Redio.

"Hiki chaga zimevunjika," akasema, bila kuniangalia. "Leta chako."