Nitaichukua Nikusaidie Tu

Feni ya kompyuta ilianza kukwaruza njiani, kompyuta yenyewe ikiwa imezimwa, waya wake umeviringishwa, na boksi zima limefungwa kwa kamba nyuma ya baiskeli.

Punguza akasimama, akatega sikio. Krr, krr, krr. Akajiambia ni mnyororo wa baiskeli, akaendelea na safari. Mtu akishazoea kudanganya wenzake, kujidanganya mwenyewe hakumpi tabu.

Kazi yake ilikuwa kununua vyombo vya umeme vilivyotumika na kuviuza tena dukani kwake. Jina la Punguza alipewa na mtaa, maana hakuna aliyewahi kumtajia bei akaikubali. Silaha yake ilikuwa kuponda. Asubuhi ile, sebuleni kwa mjane wa mwalimu mmoja, alikuwa ameifungua hiyo kompyuta, akapuliza vumbi, akaiwasha, akaikuta nzima kabisa. Ilikuwa ya zamani, ya kioo kile chenye kisogo, lakini diski ilisoma bila kusita, herufi zote zilikubali, na feni ilizunguka kimya. Mzazi yeyote anayetaka wanawe wajifunze kuchapa angeing'ang'ania. Basi Punguza akakunja uso.

"Mama, hii imekwisha," alisema. "Feni inakwaruza. Kioo kina ukungu. Kibodi imekufa upande mmoja. Ukijumlisha yote, hata bure ni hasara."

"Izime kwanza ndipo uiseme, baba," mjane alimwambia kwa sauti ya chini. "Marehemu hakutaka isemwe vibaya ikiwa imewashwa. Alikuwa akisema ina mwenyewe."

"Mwenyewe si wewe?"

"Mimi naipangusa vumbi tu."

Punguza akacheka, akatoa noti chache, akatamka maneno yake ya kufungia biashara: "Nitaichukua nikusaidie tu."

Duka lilikuwa limejaa, kwa hiyo aliiweka mezani nyumbani kwake, akaichomeka. Feni ikakwaruza. Kioo kikaja na ukungu. Akabonyeza herufi moja baada ya nyingine, upande wote wa kushoto ulikuwa umekufa. Kila ubovu alioubuni kwa mjane ulikuwa umetimia, na chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

"Leo umepatikana," mkewe alisema kutoka mlangoni, bila kuficha furaha yake. "Umebeba takataka ukalipa."

Binti yao alikuja mbio kuitazama. Walimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi. "Baba, naweza kuandikia hadithi zangu?"

"Wewe? Kichwa maji kama wewe utaandika nini? Domo tu, hakuna kitu."

Ndivyo alivyomsema siku zote. Majirani wakimsifu mtoto, yeye alimshusha. Alimpenda kuliko roho yake, ila ulimi wake haukujua njia nyingine. Siku hiyo alimponda mbele ya kioo kinachowaka.

Kesho yake mchana, jua likiwa la utosi, mkewe akifua uani, Punguza alikuwa amejinyoosha kochini aliposikia mtu akiongea chumba cha pili. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, pamoja na kile kisonyo anachokitoa akiponda bidhaa.

"Sikio la kulia halishiki vizuri," ilisema.

Akaingia chumbani. Chiriku alikuwa amesimama mbele ya kompyuta. Kioo kiliwaka, na plagi ilikuwa imelala sakafuni. Akamwita mtoto, hakugeuka. Akamwita tena kwa ukali, ndipo Chiriku akazungusha kichwa chote.

"Baba, upande huu sikusikii."

Hakungoja kuelewa. Aliifunga kompyuta kwenye baiskeli na kuirudisha kwa mjane, lakini mjane hakugusa hata kitasa. "Ilikuwa inakusikiliza," alisema nyuma ya mlango. "Sasa imekujua wewe. Ondoka na chako." Punguza akaitupa jalalani, akaipasua kioo kwa jiwe, akarudi nyumbani akitweta. Akaikuta mezani pake, nzima, inawaka, inakwaruza, na ile harufu ya nywele imeshuka mpaka kwenye mito ya kulalia, na sauti yake mwenyewe inasema polepole, kama mtu anayepindua bidhaa mkononi, kwamba huyu mguu mmoja ni mfupi, na kabla maneno hayajaisha Chiriku akaingia kutoka uani akichechemea, akishika ukuta, akiuliza kwa nini sakafu imeinama.

Mkewe akaenda kumleta mganga.

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye haraka, asiye na salamu ndefu. Alinusa pale kizingitini, akakataa kuingia.

"Hili sifukuzi mimi," alisema. "Lingetaka manukato ningelipa, lingetaka damu tungezungumza. Hili limekuja kununua. Linamshusha mtoto bei kama lilivyokuona ukifanya. Likimfikisha bure, linabeba."

"Nifanye nini?" Punguza alinong'ona.

"Si wewe ndiye mfanyabiashara? Pandisha. Usiseme uongo, maana uongo ndio uliolilisha. Na likishindwa, toka, funga mlango. Usiongeze neno hata moja. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Jua lilikuwa linazama alipoingia chumbani na mwanawe mkononi. Mkewe alibaki mlangoni. Kioo kiliwaka ukungu mtupu.

"Kifua kinakwaruza," ile sauti ilisema, na papo hapo pumzi ya Chiriku ikaanza kutoka krr, krr, sawa na feni. "Ukijumlisha yote, hata bure ni hasara. Nitamchukua nikusaidie—"

"Haendi kwa bei hiyo," Punguza alisema.

Akafungua mdomo amsifu mwanawe na ulimi ukamganda, maana hakuwahi kuutuma huko. Mtoto akamkandamiza vidole.

"Huyu," alianza, "huyu alijifunza kusoma kwa karatasi za kufungia sabuni. Hakufundishwa na mtu."

"Wako wanaosoma kumpita."

"Wapo. Mimi namsema huyu. Mama yake alipougua alipanda juu ya kigoda akapika uji, akauonja kwanza usije ukamuunguza mgonjwa." Sauti yake haikusimama tena, maneno yalikuwa yakija yenyewe, ya miaka yote, kwamba akianguka huinuka kabla ya kuokotwa, kwamba hadithi zake anazosimulia jikoni yeye huzisikiliza akiwa nyuma ya pazia na kujifanya amelala, kwamba kuna siku hufunga duka mapema kwa sababu amekumbuka kicheko chake tu, na kwamba anampenda, hajawahi kumwambia, na anaona aibu kwamba wa kwanza kulisikia hilo ni kitu kisicho na uso. Mtoto akavuta pumzi, ikaingia safi. Mguu ukanyooka. Akageuza sikio la kulia kwa baba yake, akaanza kulia.

"Bei yako kali," ile sauti ilisema mwishowe. "Huyu simwezi."

Feni ikapunguza mwendo, ikanyamaza. Harufu ikakatika. Mama akaruka, akambeba mtoto, akakimbia naye uani. "Toka, baba Chiriku," aliita. "Funga mlango."

Punguza akashika kitasa. Moyo ulikuwa umejaa, na ndani yake kulikuwa na utamu anaoujua kila mtu aliyewahi kushinda ubishi wa bei. Nyuma yake, kwa sauti ya mteja aliyechoka anayeelekea mlangoni, kile kitu kikauliza:

"Kwa hiyo huna kingine?"

Hakuna mteja aliyewahi kumwacha Punguza bila kujibiwa. Mdomo ulitangulia.

"Kingine kipi tena?" alisema, akicheka kwa uchovu. "Nimebaki mimi tu, chuma chakavu. Hata bure ni hasara."

Feni ikaanza kuzunguka. Safari hii haikukwaruza.

"Goti la kulia limelegea," ile sauti ilisema, na goti likamtoka, akaketi sakafuni. "Jicho la kushoto lina ukungu." Nusu ya mlango ikapotea. Kutoka uani alimsikia Chiriku akicheka na mama yake, akataka kuwaita, lakini sauti yake ilikuwa inatumika kwingine.

"Ukijumlisha yote," ilisema, bila haraka.

Punguza akatafuta moyoni jambo moja la kweli la kujisifia, akamkuta mjane ameshika noti chache, na nyuma ya mjane wengine, wamepanga foleni.