Meno Arobaini na Sita

Barabara iliwakatikia mchana, mvua ikipiga kama changarawe. Seline alikuwa ametangulia kushuka ukingo wa Bonde la Kerio kwa baiskeli, Kipkirui nyuma yake, aliposikia mlima unanguruma. Udongo mwekundu ukaporomoka na miti yake mizima. Barabara ikazibwa juu, ikabebwa chini, na Kipkirui akatupwa mawe­ni pamoja na baiskeli yake.

Seline Apondi ni nesi wa Eldoret. Kipkirui ni fundi wa baiskeli huko huko mjini, na kwa miaka miwili wamefanya mazoezi pamoja. Siku hiyo walikuja kujaribu njia ya mashindano: kushuka bondeni, kisha kupanda tena. Kupanda ndiko kazi.

Alimkuta ameshika paja. Mvua inaosha damu, damu inatoka tena. Mfupa chini ya goti ulikuwa umeenda upande.

"Usiangalie," Seline alisema. Akakata tyubu ya akiba, akalifunga paja kwa nguvu. Pampu akaifunga kando ya mguu ili usichezecheze. Akamvuta chini ya jiwe kubwa, mbali na maji yaliyokuwa yanapanda korongoni.

"Simu yako?"

"Imekunywa maji. Yako?"

"Haina netiwaki."

Ilibaki njia ya zamani ya mbuzi: mawe, mizizi, kona juu ya kona, kilomita nane mpaka juu. Kwa miguu ni saa tatu. Damu ya mtu haingoji saa tatu, na uso wa Kipkirui ulikuwa umeshageuka rangi ya majivu.

Seline akapanda baiskeli yake. Kwenye mwinuko wa kwanza akaweka gia nyepesi kuliko zote. Pedali ikakataa. Akasimama, akakanyaga kwa uzito wake wote. Tairi la nyuma likateleza juu ya jiwe, akaanguka ubavu. Akajaribu tena, akaanguka tena. Ndipo alipoinama kuangalia meno ya gia kwenye gurudumu la nyuma.

Hayakuwa yake. Duara lake kubwa lilikuwa na meno arobaini na sita, na alama ya rangi nyekundu ya kucha aliyoipaka mwenyewe. Hili lilikuwa na thelathini na mbili, sawa na la mbele: pedali ikizunguka mara moja, gurudumu nalo mara moja. Hiyo ni gia ya kukimbia tambarare za Moiben. Mlimani ni gunia la mahindi mgongoni.

Akarudi mbio, akaigeuza baiskeli ya Kipkirui. Alama nyekundu hiyo hapo.

"Ulisema unanifanyia sevisi."

Kipkirui akafumba macho. "Nilibadilisha gurudumu la nyuma tu. Nilikuwa nirudishe kesho."

"Kwa nini?"

"Mwaka jana ulinipita hapa. Vijana wananicheka mpaka leo. Wanasema nimeshindwa na mtu wa Ziwa, kwao tambarare, kwa mlima wetu sisi wenyewe."

"Kwa hivyo ukaniibia miguu." Mkono ulimwasha kumpiga kofi. Badala yake akalikaza lile fundo la tyubu, Kipkirui akapiga yowe.

"Hiyo ni dawa," alisema. "Ile nyingine nitakupa ukipona."

Baiskeli zao zilikuwa pacha. Akachomoa magurudumu mawili ya nyuma, akayabadilisha, akarudisha cheni. Dakika tatu. Akamwachia maji na koti lake.

"Seline, utarudi?"

"Nyamaza. Ukilala nitakuua mwenyewe."

Safari hii alikaa ncha ya kiti, kifua chini, viwiko vimelegea. Miguu ikazunguka haraka, tairi likatambaa polepole, likilamba jiwe moja baada ya lingine. Mlima haupandwi kwa kifua mbele. Ukikanyaga kwa hasira, tairi linateleza. Na Seline alikuwa na hasira ya kujaza debe. Akaizungusha. Meno arobaini na sita, akahesabu, kisha akaanza upya. Mwongo wewe. Moja, mbili. Fundi wewe. Tatu, nne. Mizizi ikamwangusha mara mbili, goti likachanika, mapafu yakawaka. Hakushuka kusukuma.

Saa moja na robo baadaye alitokea juu, matope mpaka kwenye kope. Muuza viazi mmoja, Mama Jepchirchir, alikuwa anafunika bidhaa zake kando ya barabara.

"Mtoto wangu, umetoka wapi?"

"Chini, Mama. Kuna mtu anavuja damu."

Mama yule hakuuliza la pili. Alipiga ukelele mmoja, wanaume wakatoka mashambani na kamba, ngazi na punda. Seline akashuka nao, akiwaonyesha njia. Jioni Kipkirui alifikishwa juu amefungwa kwenye ngazi, hai.

Miezi miwili baadaye Kipkirui alikuja na magongo mpaka mahali wanapoanzia mazoezi. Vijana wote walikuwepo.

"Seline, nimekuja kuomba msamaha."

Seline akaigeuza baiskeli yake juu chini, matairi yakaangalia mbingu.

"Hesabu," alisema. "Kwa sauti."

Kipkirui akaangalia vijana, kisha akaweka kidole kwenye ile alama nyekundu. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika ishirini akasimama, na hakuna aliyecheka.

"Endelea," Seline alisema. "Mimi nilihesabu mpaka juu."